Dawati la Ishirini na Saba

Mwalimu Jovina alikuwa akibandika namba juu ya madawati kwa uji wa muhogo, vidole vinamganda, na kila alipomaliza safu alihesabu tena tangu mwanzo. Ishirini na sita. Wavulana ishirini, wasichana sita. Na karatasi za mtihani wa darasa la nne zilizoletwa jana kutoka kwa Bwana Elimu, afisa wa elimu wa wilaya, zilikuwa ishirini na sita vilevile, zimefungwa kwa uzi na lakiri. Dawati la ishirini na saba alikuwa amelisukuma ukutani, miguu juu. Hesabu ilikaa sawasawa, na bado hakuipenda.

Mwaka uliopita, 1952, katika shule hii ya serikali pembeni mwa Temeke, wasichana tisa walifanya mtihani wakafaulu watatu. Bwana Elimu akaja na jedwali lake lenye safu za kabila, dini na kazi ya baba, akaweka kidole penye watatu, akasema wakifeli tena, madawati yao na mwalimu wao vitahamia shule nyingine. Mwalimu wao ndiye Jovina, mtu wa Bukoba, na kazini alikuwa bado hajathibitishwa.

Ndipo mwezi wa Julai mwaka huu Mwalimu Mkuu, Kornelio, alipoitisha daftari la mahudhurio.

"Hawa wasioonekana tuwape sababu. Nani huyu, Mwanabaraka Mfaume?"

"Amevunja ungo, Mwalimu, wamemweka ndani. Mama yake anasema atarudi."

"Wanasemaga hivyo wote. Wewe umeshamwona mwali aliyerudi darasani? Andika ameolewa. Hatakuwa amefeli, hatakuwa mtoro, hatakuwa wetu."

Jovina akaandika. Wiki tatu tu nyuma alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Bi Tabu, mama wa mtoto huyo, anakula kisamvu chake. Bi Tabu akamwambia, "Mwanangu, nitunzie nafasi ya mtoto." Naye akajibu, mdomo umejaa, "Ipo, mama, usihofu."

Asubuhi hii ya mtihani, saa moja na nusu, Bi Tabu akatokea uwanjani, kanga mpya kifuani, mkono wa binti yake kaushika kama mtu avukaye mto.

"Shikamoo, mama," Jovina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mtu wako. Mtazame alivyonawiri! Mashangazi zake wamenisusa. Walitaka akae ndani mpaka mpunga wa mwakani, ngoma ipigwe siku saba. Nikawaambia, huo mtihani utaningoja mie? Nimemtoa kimyakimya, hata tari moja haikulia. Wanasema nimemwaibisha marehemu Mfaume kaburini."

Mwanabaraka alisimama nyuma ya mama yake, macho kayafinya, maana jua hakulizoea. Miezi mitano hakuliona. Mkononi alikuwa na penseli iliyokatwa nusu, imechongwa ncha mbili.

Kornelio alitoka na daftari la mahudhurio mkononi.

"Huyu hayumo. Huyu ameolewa."

Bi Tabu akacheka kwa nguvu. "Kaolewa! Na nani, baba? Nionyeshe basi huyo mkwe wangu, nimtume kuni!"

Watoto kwenye mstari wakaangua kicheko. Kornelio hakucheka. Alifungua daftari, akaligeuza upande wao. Bi Tabu hakujua kusoma, akampisha mwanawe. Mwanabaraka akafuata mstari kwa kidole, jina lake, kabila lake, kisha kidole kikasimama. Neno lilikuwa na herufi ya w yenye mkia uliopinda juu. Mkia ule aliujua. Aliuiga ubaoni tangu darasa la pili, yeye na wenziwe wote.

"Mama," alisema polepole, "huu mwandiko wa Mwalimu Jovina."

Kicheko kilikatika. Bi Tabu alimtazama Jovina tu, akingoja akatae.

"Ni wangu, mama," Jovina alisema.

"Jamani, saa mbili hii," Kornelio alisema. "Karatasi zimehesabiwa. Asiye na namba haingii."

Mtihani ulianza kwa hesabu za kichwa, ambazo mwalimu husoma kwa sauti na watoto huandika majibu. Jovina alizisoma kama ilivyotakiwa, ila siku hiyo alisimama dirishani, uso nje. Kornelio alikohoa mara mbili. Jovina akapaza sauti zaidi. Nje, chini ya dirisha, juu ya karatasi iliyofungiwa sukari, Mwanabaraka aliandika.

Adhuhuri Jovina alimsahihishia palepale. Kumi na nane katika ishirini. Darasa zima ni Marijani peke yake aliyempita.

"Kapata kumi na nane, mama. Nitalifuta lile neno. Nitaandika yupo."

Bi Tabu alikuwa akijifunga kanga upya.

"Kufuta kwako kutampa darasa la tano?"

Jovina akaigeuza ile karatasi ya sukari mkononi.

"Mie kwa mashangazi nilikuwa na neno moja tu, huu mtihani. Mchumba wanaye zamani, yuko Mbagala, na mke anaye tayari. Leo nikirudi nitawaambia nini?" Akatema mate pembeni. "Usifute, mwalimu. Liache hivyohivyo. Kabla ya Ramadhani litakuwa kweli."

Alisema mwalimu. Si mwanangu tena.

Mwanabaraka alisogea. "Mawili niliyokosa ni yapi?"

Jovina akamwonyesha. Mtoto alitazama kitambo, akayarekebisha chini kwa ile penseli, akaikunja karatasi mara nne, akamfuata mama yake. Hakuaga.

Jioni Kornelio alifungua jedwali la Bwana Elimu, amechangamka, kavua hata koti. Alimsogezea Jovina kidau cha wino.

"Wasichana waliofanya?"

"Sita."

"Waliofaulu?"

"Sita."

"Kwa mia, ni wangapi?"

Jovina alichovya kalamu. Ukutani dawati lilikuwa bado miguu juu.

"Wote, Mwalimu."

"Basi andika. Na uandike kwa ule mwandiko wako mzuri."