Sakafu ya Kocha Haupt

Zege la kiwanja cha kumbukumbu ya Kocha Verlin Haupt nililimwaga Ijumaa saa sita mchana, kwa sababu mvua ilikuwa imetuzuia tangu Jumatatu. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Kufikia saa hiyo lingekuwa limeshika vya kutosha kukanyagwa. Nimefanya kazi ya zege hapa chuoni miaka ishirini na miwili, na sijawahi kumaliza sakafu bila mtu kuikanyaga ikiwa mbichi. Hii nilitaka itoke safi. Hilo tu.

Marehemu Kocha alifundisha mpira wa kikapu. Kwake, aliyefika saa kamili alikuwa amechelewa. Ufike robo saa kabla, la sivyo unakimbia raundi. Mji wetu mzima hapa Indiana uliizoea sheria hiyo, hata maharusi.

Wachezaji wake wa zamani walioalikwa walikuwa sitini na wanane. Duane Fouts, mrefu kuliko wote, aliwaandikia wenzake kwamba atafika robo saa kabla. Mwingine akajibu kwamba atamtangulia Duane kwa robo saa. Wa tatu akamtangulia wa pili, na hivyo hivyo hadi wa mwisho. Nilipopata habari nikapiga hesabu kwenye mfuko mtupu wa saruji: robo saa sitini na nane ni saa kumi na saba. Maana yake wa kwanza angefika Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni.

Saa kumi na moja kasorobo walikuwepo wote, wamevaa tai.

"Lester, tupishe tuingie," Duane akaniambia.

"Zege bado bichi, kaka. Simameni kwenye majani."

"Majani si kiwanja. Aliye kwenye majani hajafika."

"Duane, harusi yako mwenyewe ulichelewa," mmoja akasema kutoka nyuma. "Leo unamfundisha nani kufika?"

"Sogea tu, Merle. Unanisukuma."

Kweli walikuwa wanasukumana. Ncha za viatu vya mbele zilishagusa mbao za ukingo. Nikampigia simu Mama Haupt, mjane wa Kocha, anayekaa ng'ambo ya barabara. Alikuja na aproni, mikono imejaa unga wa kukaangia nyama.

"Nani amefika wa kwanza?" akauliza.

Mikono sitini na minane ikainuka.

"Shusheni. Lester, wewe umefika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, Mama. Nilikuwa nafunga nondo."

Akawageukia. "Mmesikia? Nyie wote mmechelewa. Haya, raundi."

"Mama, nina goti la chuma," Merle akasema.

"Basi litangulize."

Wakaanza kuzunguka sakafu yangu, wazee wa miaka sitini, tai zimepeperukia mabegani. Mkuu wa chuo akatokea na mbwa wake, akauliza kuna nini. Mama Haupt akaitazama saa yake ya mkononi, kisha akamtazama yeye. Mkuu akanipa kamba ya mbwa, akavua koti, akaingia mstarini.

"Lester ndiye atakayewasimamisha," Mama Haupt akasema, akarudi kwenye nyama yake.

Nusu saa baadaye Duane alipita mbele yangu akihema. "Lester, ndugu yangu. Inatosha?"

Nikachuchumaa, nikabonyeza ukingo kwa kidole gumba. Kidole kikazama kidogo.

"Bado," nikamwambia.