Viputo Vitupu vya Asiyezama

Katika ukumbi wa kusomea wa Kasenga hakuna asiyeijua sheria hii: anayehukumu kitabu ambacho hakukisoma hadi mwisho, hukumu yake hufutwa, naye hufagia ukumbi na kupangusa viti vyote mbele ya watu, mkubwa kwa mdogo. Niliiweka mimi, nilipostaafu ualimu na kukabidhiwa ufunguo. Wamefagia wanafunzi, amefagia katekista, amefagia hata Walid, mwenye duka la uchapaji kule Kimanga, aliyewahi kukashifu riwaya nzima kwa kulitazama jalada lake. Alifagia bila kunung'unika, na tangu siku hiyo tunaheshimiana.

Kwa hiyo sikushangaa Walid aliponijia mwanzoni mwa kiangazi na mfuko wa vitabu vya picha, vile ambavyo vijana huviita bédé. Mji wetu wa Uvira uliwahi kuwa na mashujaa wake wa kuchorwa, wenye nguvu zipitazo za binadamu, na vitabu vyao vilizunguka kutoka mkono hadi mkono mpaka vikachakaa. Kisha karatasi ikaadimika, wachoraji wakatawanyika, mashujaa wakanyamaza. Sasa wachoraji wamerejea, nao wameamua kuanza upya, kila shujaa kutoka namba ya kwanza, yaani toleo la kwanza, kana kwamba hajawahi kuruka wala kupigana.

"Papa Mwalimu," Walid aliniambia, "karatasi yenye ilivuka mupaka inatosha vitabu tatu tu kwa namba ya pili. Na mashujaa iko sita. Minye nikichagua, batasema nimechagulia ndugu zangu. Weye panga, wa kwanza mpaka wa sita. Batatu ba mbele, nachapa."

"Na watatu wa nyuma?"

"Banafunga. Nitafanya aje?"

Nilivisoma mezani kwangu kwa namna niliyofundishwa na mapadri: mgongo wima, midomo imefungwa. Katika shule ya misheni, aliyetikisa midomo akisoma alirudishwa darasa la chini, kwa kuwa kusoma kwa sauti kulihesabiwa kuwa jambo la watoto. Sijapata kuiacha nidhamu hiyo.

Nafasi ya kwanza nilimpa Mtu-Ndagala, mvuvi awezaye kujigawa kuwa samaki wadogo wasiohesabika, akapenya nyavuni na kujikusanya tena upande wa pili. Mchoraji amelitazama usoni swali ambalo mwingine angelikwepa: samaki mmoja akinaswa, shujaa hupungukiwa na nini? Katika namba hii anapoteza jina la mama yake. Ukurasa huo niliurudia mara mbili.

Wa pili alikuwa Jicho la Bijombo, mchungaji aonaye kupitia milima. Ng'ombe wake wamechorwa na mtu aliyepata kulala karibu nao. Anaona mengi na kusema machache, sifa ninayoithamini.

Wa tatu, Kapita Chuma, kazi ya kijana aitwaye Jeancy: msimamizi wa kiwanda kilichofungwa, aliyejiunda mwili kwa vyuma chakavu. Hapa nilisita. Katika mfululizo wa zamani Kapita Chuma alikufa, akazikwa, na watu wazima walilia. Leo anatembea barabarani bila neno moja la maelezo. Kufufuka ni jambo zito. Yule mmoja ninayemjua aliacha mashahidi. Hata hivyo mistari ya Jeancy ni safi kama ya mhandisi, nikamwacha abaki.

Radi ya Ruzizi anapigana kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mpaka sasa sijui alikosewa nini. Moto-Kasi ni dereva wa pikipiki isiyokunywa mafuta. Hubeba abiria watatu bila kofia, na mwandishi anamsifu kwa hilo. Hao niliwapa nafasi ya nne na ya tano.

Wa sita alikuwa Asiyezama, mwanamke aingiaye katika mafuriko akatoka na watu mabegani. Mchoraji ni Sumaya, binti wa moja ya zile familia za Waislamu wafanyabiashara za hapa mjini, ambaye hupata riziki kwa kuandika vibao vya maduka. Maji yake ni mazuri kuliko ya wote; nilikunja miguu nilipoyaona. Lakini kila mara Asiyezama anapofungua kinywa, kiputo chake, yaani kile kiduara cheupe kinachobeba maneno, ni kitupu. Wengine wanasema, yeye hana neno. Tena wanamjibu ovyo. Bibi mmoja aliyekwama juu ya paa anamwambia, "Kumbe unasema kama kwetu?" hali hajaambiwa lolote. Niliona kazi iliyotolewa kabla ya kukamilika, kama shati lisilo na vifungo. Palipokuwa pameachwa wazi nilipita upesi, kwa kuwa hapakuwa na la kusoma. Uzembe sikuuvumilia darasani, na sikuona sababu ya kuuvumilia uzeeni.

Niliandika orodha kwa chaki kwenye ubao wa ukumbi. Kesho yake Sumaya akaja.

"Hodi, Papa Mwalimu."

"Karibu. Keti."

Hakuketi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa rangi ya kibao fulani.

"Nimeona kwenye tablo. Minye wa sita."

"Wa sita."

"Nyuma ya Moto-Kasi."

"Moto-Kasi ni mpumbavu, lakini anamaliza sentensi zake."

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Ulikisoma na nani?"

"Na miwani yangu."

"Peke yako? Kimya?"

"Binti yangu, mimi si redio."

"Basi hukukisoma, Papa. Uniwie razi, lakini hukukisoma."

Katika ukumbi ule, neno hilo si dogo. Nilimwambia kwamba nilikifungua mwanzo nikakifunga mwisho, na kama kuna kilichonipita akitaje mara moja.

"Nikikutajia, itakuwa maneno yangu minye. Ukuje siku ya posho, Bella akiwa anasoma. Ukae ndani." Akaitazama mikono yake. "Ukibaki na ile hukumu, minye nafunga. Walid ameisha kuniambia iko na kazi ya vibao, ya kila siku. Nitaandika 'Farmasi' mpaka nizeeke."

Alipoondoka nilikifungua tena kitabu chake, nikavitazama viputo vile, na vilikuwa vitupu kama jana.

Kila Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya posho, alasiri, kwa kuwa nakala ni chache na macho ni mengi, kurasa hutundikwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ndani ya ukumbi, mbele ya mabenchi, na Bella, muuza vitenge mwenye sauti ifikayo ng'ambo ya barabara, husimama na kijiti akiwasomea watu picha baada ya picha, akibadilisha sauti kwa kila msemaji. Mimi hukaa nje barazani, maana kelele zile huniudhi. Jumamosi ile niliingia, nikaketi benchi la mbele. Watu walitazamana.

Bella alianza na Mtu-Ndagala, na watu wakamtaka aurudie ukurasa uleule niliourudia mimi. Kapita Chuma alipigiwa makofi. Kisha akaitundika Asiyezama, na nyuma yangu nikasikia wakisogeza mabenchi.

Mafuriko yalishuka. Nyumba zikaondoka. Bibi yule akang'ang'ania paa lake. Asiyezama akatokea, maji yakimfika kiunoni, akafungua kinywa. Na Bella, badala ya kupita, akaweka kijiti juu ya kiputo kitupu na kunyamaza. Nilidhani amekwama. Nilikuwa tayari kumhurumia.

"Ntimutinye, ndi hano," ilisema sauti ya kiume kutoka nyuma.

Aliyesema ni Nzeyimana, mkulima kutoka bonde la Ruzizi, aliyeleta mchele mjini na kuingia kupumzika. Alikuwa amemwambia bibi, kwa Kirundi, asiogope, mwokozi yupo. Bella akahamisha kijiti hadi kwa bibi, akasoma kwa sauti ya kizee: "Kumbe unasema kama kwetu? Basi nipe mkono."

Ukumbi ukacheka kwa furaha. Lakini Bella akarudisha kijiti palepale kwenye kiputo.

Mama mmoja akasema kwa Kifuliiru, kwa ukali wa binti anayemgombeza mama yake. "Kumbe unasema kama kwetu?" bibi akajibu.

"Bibi, shuka basi," akasema kijana wa mtaani, "maji haina nguvu kwa weye."

"Unamwambia muzee vile?" jirani yake akamkemea. "Hatashuka. Ongeza heshima."

"Mwambie chini kuna chakula," Jeancy akasema.

"Chakula gani?" Bella akauliza kwa sauti ya bibi, na watu wakashika mbavu.

Kisha mtu aliyesimama karibu na mlango, mrefu, mwenye fimbo, aliyeshuka siku hizo kutoka Bijombo, kule milimani, akasema maneno machache kwa lugha ya huko juu, polepole, kama amwambiaye mtu wa nyumbani mwake. Kicheko kilikoma. Wapo pale ndani wasioisikia lugha ile kwa moyo mwepesi, kwa ajili ya vita vya huko milimani. Niligeuka nikawaona wanasubiri. Bella hakubadilisha sauti, wala hakuharakisha. "Kumbe unasema kama kwetu?" bibi akamwambia. "Basi nipe mkono."

Mtu mmoja akapiga kofi moja, mwingine akafuata.

Hapo ndipo jibu lile nililoliita la ovyo lilipokaa mahali pake. Sumaya aliandika majibu yawezayo kupokea lugha yoyote, akaliacha neno la shujaa kwa aketiye mbele yake. Nilipita juu ya viputo vile kama mtu apitaye milango ya wazi akidhani ni kuta.

Katika picha ya mwisho Asiyezama amembeba mtoto, anatutazama, na kiputo chake ni kitupu. Bella akanigeukia. "Hii ni ya Mwalimu."

"Mwalimu haongei kwenye bédé," mtu akanong'ona.

Nilisimama, kwa kuwa mtu hasemi na umati akiwa ameketi. Nikasema maneno aliyoniambia mama yangu akinivusha mto Mulongwe uliojaa, nikiwa mgongoni mwake, kwa lugha tuliyoitumia nyumbani. Siyaandiki hapa, yalikuwa ya pale. Hakuna aliyecheka. Sumaya aliyekuwa ameegemea ukuta aliinamisha uso.

Sikuketi tena. "Sheria ya ukumbi huu mnaijua," nilisema. "Nimehukumu kitabu nisichokisoma hadi mwisho. Hukumu yangu imefutwa."

Jeancy aliruka kutoka kitini, maana alijua hesabu ya nafasi ya tatu. "Papa, hapana. Kitabu ulikimaliza. Ukurasa wa mwisho si uliuona?"

"Niliuona. Sikuusoma."

"Sasa minye naanguka kwa sababu ya kiputo yenye haina kitu?"

"Unaanguka kwa sababu ya kaburi lisilo na maelezo, Jeancy. Kiputo kimenirudisha tu kulitazama."

Nilifuta ubao wote na kuandika upya. Wa kwanza, Mtu-Ndagala. Wa pili, Asiyezama. Wa tatu, Jicho la Bijombo. Sumaya alilitazama jina la shujaa wake, kisha lile lililo juu yake.

"Wa kwanza hapana, Papa?"

"Mikono ya watu wako inafanana na majani ya mgomba. Jifunze mikono, tutazungumza."

"Nitajifunza," alisema, na safari hii tabasamu halikumtoka.

Walid, akiwa kwenye benchi la kati, alithibitisha kwa kichwa kwamba watatu hao atawachapa. Jeancy alikuwa amekunja mikono kifuani. Nilimwendea.

"Karatasi itavuka tena," nilimwambia. "Ikivuka, niletee ukurasa unaonionyesha Kapita Chuma alivyotoka kaburini na nani alimwona. Nitausoma hapa ndani, pamoja na watu."

"Na kama mashahidi ni mafundi tu, ba gereji?"

"Mashahidi wa ufufuko ule wa kwanza walikuwa wanawake na wavuvi. Mafundi wanatosha."

Alifikiri. "Iko namna," alisema hatimaye, akaanza kuchora kitu kwa kidole juu ya paja lake.

"Ufagio iko nyuma ya mulango, Papa," Walid aliniambia. "Minye naijua vizuri."

Niliuchukua. Watu hawakutoka, kwa maana sheria inasema mbele ya watu. Nilianza pembe ya ubao nikarudi nyuma, mgongo ukilalamika, nami sikuusikiliza. Sumaya alishika kitambaa apanguse viti.

"Weka chini," nilimwambia. "Adhabu haigawanywi."

Alikiweka. Nilipangusa benchi moja moja, na kila nilipofika, waketio waliinuka wakaningoja, wakaketi tena, pasipo kuniharakisha. Nzeyimana alinipa pole kwa lugha yake. Walid aliinua miguu yake, akachungulia chini ya benchi alilokalia.

"Hapa iko vumbi," alisema.

Nilitazama. Lilikuwepo. Niliuchukua tena ufagio, nikalitoa, nikalisukuma hadi kizingitini na kulitupa nje. Walid akachungulia tena kwa makini, akashusha miguu yake.

"Iko safi, Mwalimu," alisema. "Imeisha."