Mama: Tazama Baba

Kaka yangu ameandika kitabu kuhusu marehemu baba, fundi aliyeuletea mji wetu maji ya bomba, halafu akanitwisha mimi faharasa. Ndiyo kazi inayonilisha: natengeneza zile kurasa za mwisho zinazomwonyesha msomaji jambo gani liko ukurasa upi. Kwa hiyo vitabu vya watu nasoma neno kwa neno, hata pale mwandishi mwenyewe alipokuwa anasinzia.

Baba alijaa tele. Baba na pampu, baba na mitaro, baba na mkurugenzi asiyesikia la mtu. Hata kutu ilipata mistari yake. Nilipofika herufi M nikakwama, maana mama hakuwemo. Mama yetu, mzima wa afya, ambaye kitabu chochote hukifungulia nyuma kwanza aone kama kuna mtu anayemjua.

Nikampigia simu kaka.

"Mama hayumo."

"Yumo bwana. We mweke tu, mtafutie kurasa kadhaa."

"Zipi? Faharasa haitungi, Kaka. Inaonyesha kilichopo."

"Basi andika 'Mama: tazama Baba.' Yaishe."

Nilikata simu kabla sijamkosea adabu.

Nikarudi ukurasa wa kwanza, nimenuna. Baba anaingia na matope, shati safi liko kitandani. Mafundi wenzake wamegoma, anakutana nao sebuleni, chai iko mezani, kesho yake wote wako kazini. Baba anafukuzwa, na jiko linaendelea kuwaka tu, kana kwamba linawashwa na upepo. Hasira zikanipanda. Nikaandika: Mama, afua shati. Mama, apika chai ya mafundi. Mama, alisha nyumba baba akiwa hana kazi. Kila kimoja na ukurasa wake. Kwa wingi wa mistari, mama akaipita kutu kwa mbali.

Kaka alinifuata kwa mama, nilikokuwa nimetandaza kurasa za kitabu na faharasa yangu mezani, akasoma herufi M.

"Hii si faharasa. Umeandika kitabu kingine nyuma ya changu."

"Ungekiandika wewe mbele, nisingehangaika."

"Futa."

Mama akatoka jikoni akifuta mikono, akavuta rundo la karatasi, akaanzia nyuma. Akajiona. Alitabasamu, na roho ikaniuma, maana nilijua kinachofuata. Akafunua ukurasa alioelekezwa, akausoma, akaurudia.

"Chai naiona," alisema. "Mimi sijioni."

Kaka akajikuna shingo. "Pale nilikuwa naeleza baba alivyowatuliza mafundi, Mama."

"Nani kakwambia aliwatuliza yeye? Baba yenu alijifungia chumbani, hataki kuona mtu. Mimi ndiye niliyekaa nao mpaka wakakubali kurudi mtaroni."

Niliziangalia karatasi zangu. Kaka akiongeza hata aya moja pale, kurasa zote zinahama, na namba zangu zote ni za kutupa. Nilitamani kulia, na si kwa ajili ya namba peke yake.

Hatimaye kaka akachukua kalamu yangu. "Hebu nieleze, Mama. Tangu mwanzo."

"Nimechoka kusimama," mama alisema, akavuta kiti. "Niletee chai kwanza."

Kaka akaenda jikoni. Tukamsikia akifungua kabati hili na lile, akiyafunga, kisha akaita kutoka huko ndani:

"Mama, majani ya chai huwa unaweka wapi?"