Mgongo wa Changu

Maneno yale yalimjia Kalamu akikoroga chai ofisini: "Samaki wetu hutoka baharini bila bahari kujua." Akayaandika kiganjani asije akayasahau. Mkuu wa ofisi alipoyasoma alipiga meza kwa furaha. Tajiri wa samaki, aliyetaka mabango kumi na mawili ya kuwaambia watu kwamba samaki wake wanavuliwa bila kuiumiza bahari, alisema amesisimka mwili mzima.

Kalamu halikuwa jina lake. Wenzake katika ofisi ile ya matangazo walimbandika mwanamke huyu kwa sababu akiandika yeye, hata sabuni ya mche hupata ukoo na heshima.

Siku ya kupiga picha, tajiri alileta kasha la samaki aina ya changu kutoka kwenye friji zake. Kazi ilipokwisha wafanyakazi wakagawana baadhi, wengine wakabaki kwenye friji ya ofisi. Kalamu akapata wawili, akawafunga kwenye gazeti, akaenda nao kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Shangazi alikuwa mpara samaki sokoni kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Mkono mtupu haulambwi," shangazi alimpokea akicheka. "Kumbe nilipokufundisha ulisikia!"

Akamlaza samaki ubaoni, akampasua tumbo. Kisha akanyamaza. Shangazi hakuwa mtu wa kunyamaza; huwa anaongea hata na sufuria. Akapitisha kidole gumba ndani, kando ya mgongo, akamchukua na wa pili, naye akampasua.

"Umewapata wapi hawa?"

"Kazini, shangazi. Ndio wa tangazo langu." Kwa majivuno kidogo akamwambia yale maneno yake.

Shangazi akamshika mkono, akamwingizia kidole ndani ya samaki. "Gusa hapa. Mgongo umekatika. Damu imeganda kote huku, na nyama imelegea kama mkate uliolowa. Mwanangu, bahari ilijua. Ilisikia mlipuko. Samaki huyu hakuvuliwa, alipigwa baruti."

Chakula cha jioni ile kilikuwa wali na mboga.

Kesho yake Kalamu alimweleza mkuu wa ofisi. Mzee yule hakuwa mbaya. Alikuwa na woga tu, kwani wateja wakubwa wawili walikuwa wamekwisha kumhama mwaka huo. "Mama," alisema akijifuta paji la uso, "sisi tunauza maneno. Samaki ni wa mwenyewe."

"Na maneno ni ya nani, bosi? Yana mwandiko wangu."

Bosi akainua mikono. "Basi mwambie wewe mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni nimwombe Mungu."

Tajiri alipokuja kutia saini mkataba wa mabango, alimkuta shangazi, aliyeletwa na Kalamu, kwenye chumba cha mikutano, kavaa gauni lake la sherehe, na kisu chake juu ya gazeti. Mbele yake kulikuwa na changu sita waliobaki katika lile kasha. Aliwapasua mmoja baada ya mwingine. Wanne walikuwa na migongo iliyovunjika.

"Huyu mama anajuaje?" tajiri alimuuliza Kalamu, sauti imepanda. "Pengine wameangushwa kwenye gari! Mimi nanunua kwa wachuuzi, na wachuuzi wananiapia."

Shangazi akaweka kisu chini. "Najua kwa sababu niliwala miaka sita. Mume wangu alikuwa mpiga baruti."

Kalamu aligeuka. Nyumbani walikuwa wakiambiwa kwamba vidole vitatu vya mume wa shangazi vilikatwa na mashine ya kusaga.

"Hapakuwa na mashine," shangazi alisema, akimtazama Kalamu sasa, si tajiri. "Chupa ya baruti ilimlipukia mkononi. Lakini si hilo lililomuua. Alipopona alirudi pale alipokuwa akivua, akazamia, akakuta matumbawe yamekuwa kifusi. Hakuna hata kidagaa. Alipanda juu akalia kama mtoto, akasema, 'Mke wangu, nimebomoa nyumba niliyokuwa nikiomba chakula mlangoni mwake.' Hakuvua tena mpaka anaingia kaburini. Mimi niliona aibu kuwaambia. Aibu imenitosha."

Tajiri alimgeuzageuza samaki mmoja kama anayetafuta mahali pa kumkanusha. "Mimi ni mtu wa friji," alisema hatimaye, taratibu. "Miaka yote hii sijawahi kupasua samaki." Akaondoka bila kutia saini.

Bosi hakumfukuza Kalamu, ila alimhamishia kwenye maandishi ya maboksi ya dawa ya meno. Miezi miwili alikaa huko akisifu meno ya watu asiowajua. Jioni alikuwa akipita kwa shangazi, na shangazi akawa anamsimulia kuhusu mumewe, kidogo kidogo, kama mtu anayeshusha mzigo ngazi kwa ngazi.

Mwezi wa tatu tajiri alirudi. Hakutaka mabango, alimtaka shangazi. Alimpa kiti, meza na koti jeupe kwenye mlango wa ghala, na kanuni moja: kila kasha linaloingia, yeye achague samaki watatu awapasue. Mgongo ukiwa umevunjika, kasha zima linakataliwa.

Wiki ya kwanza friji zilibaki nusu tupu. Mvuvi mmoja aliyerudishiwa kasha alimtukana shangazi mbele za watu. Shangazi hakumjibu. Alimvuta pembeni, wakaketi juu ya kreti, akazungumza naye muda mrefu. Kalamu, aliyekuwa amesimama mbali, hakusikia neno, ila alimwona mvuvi akivitazama vidole vyake mwenyewe.

Siku kumi baadaye mvuvi yule alirudi na kikapu kidogo cha samaki wa ndoana. Shangazi akapasua watatu, akapitisha kidole gumba, akaguna kwa kuridhika.

"Ni wachache, mama," mvuvi alisema, kama anayeomba radhi.

"Wachache wanazaliana, baba," shangazi alimjibu. Akamgeukia mpimaji wa ghala aliyesimama kando ya mizani. "Hawa pokea."