Mafuta ya Fintan

Tangi la mafuta la mama yangu limejaa pomoni, na mama yangu anakaa jikoni amevaa koti, kofia ya sufu na soksi mbili mbili. Nikisema hilo linanitia hasira, sijasema hata nusu yake.

Mwaka jana nimonia ilimlaza hospitalini. Daktari alimwambia waziwazi kwamba kifua chake hakiwezi tena baridi, nyumba iwe na joto mchana na usiku. Kwa hiyo Oktoba nikaita lori, mafuta ya taa yakamiminwa hadi karibu na kifuniko. Kilichobaki ni kubonyeza swichi moja tu ukutani. Boila inaunguruma kule kibandani nyuma ya nyumba, maji ya moto yanazunguka kwenye mabomba, na rejeta, yale mabamba ya chuma kwenye ukuta wa kila chumba, zinapata moto. Mtoto wa chekechea anaweza.

"Mama, mbona hujawasha?"

"Hayo mafuta ni ya Fintan."

Fintan ni kaka yangu. Anaishi Perth, Australia, na huja nyumbani kwetu Monaghan kila Krismasi.

"Mwenzio anatoka kwenye jua kali, damu yake imekuwa nyepesi," Mama alisema. "Unataka aje agande humu ndani?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimezaliwa kwenye baridi hii hii ya Monaghan, Dympna. Hebu niache."

Basi kila asubuhi nikawa napita kwake kabla ya kwenda kazini. Namkuta anakohoa, pumzi inamtoka mdomoni kama moshi. Nawasha. Gari langu likishafika barabarani, anazima. Jioni nikirudi nagusa rejeta, baridi kama kaburi. Na Ijumaa anatoka na kijiti chake kwenda kupima tangi, eti ahakikishe sijamwibia Fintan mafuta yake! Mimi, niliyeita lori!

Fintan alipokuja, nyumba ikawa tanuri. Hata kile chumba cha wageni, ambamo sisi hatuingii ila padri akija, rejeta yake ilikuwa haishikiki. Fintan anazunguka na fulana na miguu peku, anashindilia bata mzinga, na Mama amevua koti, mashavu yamekuwa mekundu, hakohoi. Nilifurahi kumwona hivyo, na papo hapo nikatamani kumpiga mtu. Nikamvuta kaka yangu ukumbini.

"Fintan, mwambie Mama awashe hata ukishaondoka. Wewe ndiye anayekusikiliza. Baridi hii itamuua."

Akacheka. "Dympna bwana! Humu ndani mimi natoka jasho, wewe unaniletea habari za baridi. Tangu utotoni kazi yako kulialia tu."

"Kuna joto kwa sababu upo wewe, punguani!"

"Haya, haya, nitamwambia. Usinitolee macho."

Na kweli alimwambia, mezani, huku anatafuna. "Mama, uwe unawasha kila siku, sawa?"

"Sawa, mwanangu," akajibu, mpole, mtiifu, utadhani ndiyo kwanza anasikia jambo hilo. Nilikaribia kumeza uma.

Siku ya kuondoka nilimpeleka Fintan uwanja wa ndege mwenyewe, hadi Dublin. Niliporudi kumwona Mama, nilimkuta jikoni. Koti. Kofia. Soksi mbili mbili. Rejeta ilikuwa imeshapoa, maana yake alizima kabla hata hatujapita geti la jirani.

"Si ulimwambia sawa?"

"Nilimwambia sawa ili asafiri bila wasiwasi." Akakohoa, kikohozi kile kile cha mwaka jana, cha chini kabisa. "Halafu amesema Pasaka huenda akaja tena."

Nilitaka kupiga kelele, kisha nikajitazama. Miezi yote hiyo nilikuwa nafika kwake nimejifunika hadi shingoni, nikimhubiria joto kisha naondoka zangu. Nikavua koti. Nikavua sweta. Nikavua viatu na soksi, nikaketi mezani na blauzi ya mikono mifupi, miguu juu ya sakafu ya mawe.

"Unafanya nini, mwendawazimu wewe?"

"Nimekuja kumtembelea mama yangu."

"Vaa nguo zako."

"Sivai."

"Jitu zima na wajukuu! Baba yako angekuona!"

"Baba angewasha moto."

Akavua koti lake akanirushia. Nikamrudishia. Akanisukumia chai, sikuigusa. Meno yalianza kugongana, nami sikuwa naigiza. Nilitetemeka kwa baridi na kwa hasira, na sijui ipi ilizidi.

"Midomo yako imebadilika rangi," akasema.

"Hata yako."

"Usinijibu hivyo, mtoto wewe."

"Basi mimi ni mtoto wa nani? Mimi si wako kama Fintan? Huyo hata hujamwona akitetemeka, umemwekea tangi zima. Mimi natetemeka mbele ya macho yako!"

Mama alinitazama. Macho yake yalikuwa na ghadhabu, na machozi pia. Akasimama kwa kushika meza, akanitukana matusi ambayo sikujua anayajua, akaburuta miguu hadi ukutani. Akabonyeza. Kule kibandani boila ikaunguruma.

"Nimewasha kwa ajili yako tu," alisema, bado amenipa mgongo. "Ukiondoka, nazima."

Nikampigia simu mume wangu Cathal, nikamwambia aniletee mswaki na nguo za kulalia, zile nyepesi kuliko zote.