Mjomba Hakuambiwa

Niseme mapema: sikumtukana kaka yangu. Hao wanaozunguka Mbekenyera nzima wakisema Swaumu kamvua nguo kaka yake mbele ya wanaume, waache umbea. Nilisema ukweli, tena kwa sauti, na nikiambiwa nirudie leo nitarudia.

Mambo yalianza manesi walipokuja shuleni na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka tisa mpaka kumi na nne. Zulfa wetu ana kumi na nne, yuko darasa la saba. Mwakani amepita umri. Ni mtoto wa marehemu dada yetu, Hajra, na tangu msiba ule nimemlea mimi. Mimi mwenyewe Mungu kanijalia wavulana watupu, na kwetu Wamwera ukoo unapita kwa mwanamke. Wanangu watakwenda kuwazalia watu wengine. Ukoo wetu wote umebaki kwenye tumbo la Zulfa, na mwenye sauti juu yake ni mjomba wake, yaani kaka yetu Mustafa. Baba tunamheshimu, ila neno la mwisho si lake.

Shule wao hilo hawakulijali. Watoto wakaambiwa wakaulize baba zao. Baba yake Zulfa, Abdala, yuko Kilimarondo na mke mwingine. Akapigiwa simu, akasema mchanjeni tu, akakata. Mustafa alipopata habari alikuja kwangu amefura.

"Abdala! Abdala ambaye hata soksi za shule hajawahi kununua! Ndiye wa kuulizwa habari za mtoto wangu?"

Hapo nilikuwa upande wake, sifichi. Hata nesi Marietha nilimfuata pale zahanati nikampa vidonge vyake. Nikamwambia, nyinyi mnapita na spika, chanjo salama, chanjo salama, kama mnauza mitumba! Nani kati yenu aliyekwenda kukaa na wajomba? Mtu akificha anachomfanyia mtoto wako, hata angekuwa anampa uji utauogopa. Marietha akasikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mama, hapo umenipata. Tulikosea."

Lakini Mustafa alikuwa ameshapelekwa mbali zaidi. Ramadhan wa bodaboda alikuwa na video kwenye simu, mtu amevaa koti jeupe anasema sindano hiyo inafunga uzazi. Ramadhan! Pikipiki yake mwenyewe anaitengeneza kwa kamba, leo kawa daktari wa vizazi. Siku ya mwisho ya chanjo, nimetoka kupalilia ufuta, nakuta begi la shule kitandani na mwenyewe hayupo. Wanangu wakaniambia Mustafa kampeleka shamba akafukuze ngedere kwenye mahindi. Na jioni hiyo manesi wanahamia Likunja.

Nikatoka na jembe langu mkononi. Nikamkuta Mustafa barazani kwake na wanaume wenzake, Ramadhan yupo, mzee Amiri yupo, wanakunywa kahawa.

"Kaka, shikamoo. Mtoto yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko shamba."

"Tangu lini mtoto wa darasa la saba anafukuza ngedere siku ya shule?"

"Tangu leo." Akaweka kikombe chini. "Swaumu, Hajra kaacha tumbo moja duniani. Moja! Wakiliharibu, mimi nitakwenda kumwambia nini huko aliko? Sikufanikiwa kumponya yeye. Huyu siwapi."

Macho yake yalikuwa mekundu, na roho iliniuma kwa sababu nilijua anampenda Zulfa kuliko watoto wake. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyejua, na waliomfanya asijue ni sisi wanawake wa nyumba yake.

Kwetu kaka hatajiwi maungo ya dada yake. Dada akiumwa chini ya kitovu, kaka anaambiwa tumbo, basi, na yeye haulizi zaidi. Ndiyo heshima tuliyofundwa unyagoni. Hajra aliugua mwaka mzima, na akaniapisha kabisa: kaka asijue naumwa wapi, nitakufa kwa aibu kabla ya ugonjwa. Tukamwambia Mustafa ni mchango, yale maumivu ya tumbo ya kutibiwa kwa mizizi. Hajra akafa na siri yake, na mimi nikabaki nayo kifuani kama jiwe.

Sasa pale barazani nikatazama jua, nikaona linapinda. Nikasema moyoni, Hajra dada yangu, nisamehe au usinisamehe, shauri yako.

"Kaka, Hajra hakufa kwa mchango."

"Swaumu," mzee Amiri akaanza, "hayo maneno ya kina mama..."

"Mzee wangu, ziba masikio kama unaona haya! Mficha uchi hazai, na sisi tumeficha mpaka tukazika. Kaka, dada yako alioza mlango wa kizazi. Damu haikukatika mwaka mzima. Ilikuwa saratani, daktari wa hospitali ya Ndanda alituambia mimi na yeye, na tayari ilikuwa imechelewa. Saratani hiyohiyo inayochanjiwa pale shuleni. Unaogopa Zulfa asizae? Kilichomla Hajra kilianzia kulekule anakotoka mtoto!"

Loo! Wanaume waliinama wote kama mvua imewanyeshea ghafla. Ramadhan akajifanya anatafuta ufunguo wa pikipiki. Mimi nimesimama na jembe langu, sijutii hata neno moja.

Mustafa alisukuma kikombe chake pembeni. Halafu akasema polepole, "Nilikwenda mpaka Masasi kutafuta mizizi ya mchango. Nikamchemshia mwenyewe jikoni, nikakaa nje nasubiri apone. Mngeniambia, Swaumu, ningeuza mikorosho yote. Ningempeleka Dar mapema."

Alisimama, akavaa viatu vyake vya matairi, akasema twende tukamchukue mtoto.

Kufika shamba, kibanda kitupu. Ngedere wamekaa juu ya mahindi wanakula kwa raha zao, Zulfa hayupo. Mustafa akaita mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia tujaribu shuleni, akatangulia mbio, mtu mzima yule, mimi nyuma yake naombea asianguke.

Tukamkuta. Amekaa kwenye benchi nje ya darasa, miguu ina tope mpaka magotini, kaja peke yake. Manesi wanafunga masanduku yao. Marietha akainuka.

"Shikamoo, mjomba. Huyu kafika muda mrefu anataka kuchanjwa. Nikasema hapana, safari hii nasubiri mtu wa kwao anayetakiwa kuulizwa."

Mustafa alikuwa anahema. "Nijibu jambo moja. Itamzuia kuzaa?"

"Haizuii kuzaa. Inakinga dhidi ya kirusi kinacholeta ile saratani. Mkono utamuuma, wengine wanapata homa kidogo au kizunguzungu, ndiyo maana tunawakalisha kwanza. Akikua bado atahitaji kupimwa. Wangu mimi, Jenifa, nimemchanja juzi kwa mkono wangu huu."

Mustafa akamtazama sana. Kisha akasema, na wazazi wengine wakasikia, "Dada yangu alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Mchanjeni mtoto wangu." Kaka yangu, kwa kinywa chake, mchana kweupe! Nikajua mambo yamekwisha.

"Na mimi je?" Zulfa akasema.

Tukageuka wote.

"Baba kaulizwa kwa simu. Mjomba kaulizwa. Mama mdogo najua kapiga kelele. Mimi mwenye mkono hakuna aliyeniuliza."

"Zulfa," nikasema, "wewe mtoto, haya mambo ya mama yako ulikuwa huyajui..."

"Nilikuwa siyajui?" Machozi yakamtoka, lakini sauti haikutetereka. "Ulipokuwa shamba, nani alikuwa anambadilisha mama vitambaa? Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa naviosha mtoni alfajiri kabla wanawake hawajafika, nanuka mikono mpaka darasani. Mama aliniambia nisikwambie kwamba imezidi. Nyie mlikuwa mnafichana nyie kwa nyie. Mimi nilikuwa ndani."

Mustafa akakaa chini pale pale kwenye mchanga.

Zulfa akajifuta uso, akakunja mkono wa shati lake la shule mpaka begani.

"Hata mngekataa," akasema, "nisingeondoka kwenye hili benchi. Haya, nesi. Choma."