Kisiwa cha Itaka

Roda aliteremka na jembe kuchimba viazi, akakuta maji yamezunguka kilima chote cha Itaka. Alichimba vilivyobaki pakavu, akarudi kumwambia mumewe, Yonathani, kwamba sasa wanaishi kisiwani.

"Na mbegu za mahindi?" Yonathani aliuliza.

"Ziko darini. Zimepona."

Wiki hiyo bwana shauri wa wilaya alisimama ng'ambo, upande wa kijiji cha Ruanda, akapaza sauti kwamba Itaka sasa ni jimbo la kisiwa na jumbe wake ni Zebedayo. Watu waliitikia, kisha wakaenda kuchonga mitumbwi. Miaka yote walikuwa wakibebeshwa kahawa ya mlowezi aliyelima kileleni, kichwani, kwa amri, hadi barabarani. Wengi walidhani maji yamewaletea mapumziko. Walivuka na maharage yao, wakarudi na chumvi na kaniki. Kisha mitumbwi yote ikachukuliwa kwa ajili ya kahawa.

Tumpe, binti wa Roda na Yonathani, aliposhikwa na uchungu, mtoto alikuwa amekingama tumboni. Mkunga akasema avushwe haraka, apelekwe hospitali ya masista Ruanda. Yonathani akakimbilia ufukoni, ambako tarishi wa serikali alikuwa akisimamia magunia.

"Bwana tarishi, naomba mtumbwi mmoja. Binti yangu anakufa."

"Pole, mzee. Amri ni kahawa kwanza. Na mimi nina watoto."

Yonathani alikata mti mrefu, akauzamisha majini hadi ukagusa udongo, akasukuma. Majirani walipomwona wakaja na miti yao. Kisiwa kikaondoka taratibu, pamoja na nyumba, kanisa na kuku, na kabla jua halijazama kikagusa Ruanda. Tumpe akabebwa kwa machela. Mtoto alizaliwa hai, wakamwita Tuntufye.

Asubuhi tarishi alileta salamu. Bwana shauri amefurahi sana. Mitumbwi haihitajiki tena. Kisiwa chenyewe kitapeleka kahawa.

"Atasukuma nani?" Roda aliuliza.

Tarishi alitazama chini. "Si mnajua wenyewe, mama."

Kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko ile ya magunia, maana sasa walisukuma na nyumba zao, na mlowezi akiwa kitandani mwake. Tumpe alipomaliza arobaini, naye akaitwa. Alifika na mtoto mgongoni, akauliza asimame wapi. Jumbe Zebedayo aliitazama safu ya watu, kisha akamwonyesha upande wenye kivuli.